Je, wajua kwa nini ni "an hour" lakini "a university"?

Kanuni tuliyokaririshwa darasani ni fupi: neno likianza na a, e, i, o au u, tanguliza "an", likianza na konsonanti, weka "a". Mwanafunzi anayeishika barabara ataandika "an university" na "a hour", na yote mawili yatapigwa mkasi. Kisha ataambiwa hayo ni maneno yasiyofuata kanuni. Yanaifuata vizuri kabisa. Kilichokosewa ni kanuni aliyopewa.

Kinachoamua ni sauti. "University" hutamkwa kama yenye y mwanzoni, sawa na "European" na "Ugandan", kwa hiyo zote huchukua "a". Katika "hour", "honest" na "heir", h haisikiki. Vifupisho navyo hupimwa kwa mdomo: "an MP", maana M husomwa "em", lakini "a UN report".

Dhana ya pili imezama zaidi: kwamba "an" ni "a" iliyoongezewa n ili ulimi usikwame. Mambo yalikwenda kinyume. Kiingereza cha kale kilikuwa na "ān", yaani moja, na "one" ya leo ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa kutamkwa harakaharaka bila mkazo, n ikamomonyoka mbele ya konsonanti, ikasalia penye irabu. "Mine" ilizaa "my" kwa njia hiyohiyo. Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado ina "mine eyes", na hata "an hundred sheep".

Sasa, n iliyokaa katikati ya maneno mawili ni ya nani? Sikio halina hakika. Sisi wenyewe tuliipokea "keep left" ya barabarani, tukasikia ki- mwanzoni, basi wingi ukawa vipilefti. Waingereza nao waligawa upya walichosikia. "A napron", neno lenye asili ya Kifaransa, likageuka "an apron". Nyoka aitwaye "adder" alipoteza n yake vivyo hivyo, ingawa Wajerumani bado wana "Natter". Kwingine n iliporwa: "an ewt" ikawa "a newt", na "an ekename", jina la nyongeza, ikawa "a nickname".

Chungwa, yaani "orange", nalo hutajwa sana hapa, kwa kuwa Wahispania husema "naranja". Tahadhari: Wafaransa walikuwa na "orenge" tangu zamani, kwa hiyo yaelekea n ilikwisha kudondoka kabla neno halijavuka kwenda Uingereza.

Ubishi uliobaki ni wa h. Wapo wanaoandika "an historic" huku h wakiitamka waziwazi. Kwenye mtihani, "a historic" ni salama zaidi. "Herb" hutegemea msemaji: Mmarekani huimeza h akasema "an herb", Mwingereza huitamka, naye husema "a herb".