"Alikuwa mwimbaji wa ngoma tu": dhana potofu kuhusu Bibi Titi na wenzake

Kazi yangu ni kuhariri wasifu. Wanaoniletea miswada ni wanafunzi wa vyuo, waandishi wa habari, na familia zinazotaka maisha ya bibi yao yaandikwe kabla waliomjua hawajaisha. Karibu kila muswada unaomtaja Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, una sentensi ile ile, imebadilishwa maneno mawili matatu: alikuwa mwanamke wa kawaida wa Dar es Salaam, hakusoma, kazi yake ilikuwa kuimba kwenye ngoma, Mwalimu Nyerere akamwona na kumwingiza kwenye siasa. Nimeifuta sentensi hiyo mara nyingi mno. Leo naijibu mara moja, pamoja na nyingine za ukoo wake.

"Alikuwa mwimbaji wa ngoma tu, chama kikamwibua"

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu imebeba chembe ya kweli. Ni kweli aliitwa. Katikati ya mwaka 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Tanganyika akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kimeanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na wanawake ndani yake walikuwa wa kuhesabika. Ndipo Schneider Plantan, mmoja wa wanachama wa mwanzo wa TANU, akaenda kwa Boi Selemani, mume wa Titi, kumwomba amruhusu mkewe awaongoze wanawake. Waandishi wengi wakifika hapo wanafunga aya. Hawajiulizi kwa nini, Dar es Salaam nzima, hodi ikapigwa kwenye nyumba ile.

Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Msomaji wa leo akiona neno ngoma anafikiria burudani: watu wamekaa, wengine wanacheza, shughuli ikiisha kila mtu na kwao. Vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini enzi zile, lelemama na jamii yake, vilikuwa jambo jingine. Kikundi kilikuwa na viongozi, mtunza fedha, michango, sare, na wanachama ambao kiongozi aliwajua mmoja mmoja, na mlango wa kila mmoja aliujua. Mwenzao akifiwa wanafika, wanatoa ubani, wanashika vyungu. Akiozesha wanasimamia shughuli. Kikundi cha mtaa wa pili kikiwaalika wanakwenda, na zamu yao ikifika lazima nao waalike, tena kwa kishindo zaidi. Bomba, Egyptian, Al Watan na vinginevyo vilijuana kwa majina na vilishindana kwa sare na kwa tungo. Ndani yake mlikuwa na wanawake wa makabila mbalimbali, lugha yao moja, Kiswahili, na misiba yao moja.

Kwa hiyo Titi alipoanza kazi hakuhitaji kusimama jukwaani mbele ya watu asiowajua na kuwashawishi mmoja mmoja. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akishakubali, anarudi kwa watu wake, na watu wake wanakuja pamoja naye. Kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha TANU. Hiyo ni miezi michache tu. Idadi hiyo haipatikani kwa sauti tamu. Inapatikana kwa mtu mwenye njia ya kufikisha habari nyumba kwa nyumba hadi uani, ambaye wanawake wameshamwona kwenye arusi na matanga yao, wakajua akisema jambo analitimiza.

Tazama pia ni wanawake gani waliojiunga. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Nyerere mwenyewe ilibidi aache ualimu Machi 1955 ili abaki na chama. Wanawake wachache waliokuwa na elimu ya shule walikuwa wauguzi, walimu, au wake wa watumishi, na kila mmoja alikuwa na mshahara nyumbani wa kuuogopea. Mama anayeuza maandazi, vitumbua au samaki wa kukaanga Kariakoo hakuwa na mkubwa wa kumwandikia barua ya onyo. Alikuwa na fedha yake mkononi, hata kama ni kidogo, na alikuwa na kikundi chake. Wengine walificha kadi ya TANU mume asiione. Nyumba zao ndizo zilizolaza wageni wa chama, na ngoma zao ndizo zilizokusanya watu uwanjani kabla ya hotuba.

Basi ukiandika "chama kikamwibua" umegeuza nani alimpa nani. TANU ya mwaka 1955 ilikuwa na katiba, ofisi na vijana wenye maneno mazuri. Titi alikuwa na watu. Chama kilipata kutoka kwake kitu ambacho hakikuwa nacho, na hilo ndilo linalopaswa kuwa sentensi ya kwanza ya sura hiyo.

Hapa nitoe ushauri ninaompa kila anayekuja kwangu, hata asipouliza. Ukienda kumhoji bibi aliyeshiriki harakati zozote, usianze na "ulijiungaje na chama?" Utapata maneno ya redioni, kwa sababu anaamini ndiyo uliyoyafuata. Mwulize: nani alikuwa anashika fedha za kikundi chenu? Mara moja utasikia majina. Aliyeshika, aliyepokea baada yake, waliogombana naye, msiba upi ulimaliza mfuko, sare ya mwaka ule ilinunuliwa duka gani. Kisha mwulize kama kanga ya sare bado ipo. Mara nyingi ipo. Atamwita mjukuu amshushie sanduku, ataikunjua kanga mapajani, na kabla hajamaliza kukusomea jina lake atakuwa amewataja wanawake ambao hukuwakuta kwenye kitabu chochote. Kaa kimya uandike. Kinasa sauti kiwe kimeshawashwa tangu mlangoni.

Na usimwandike Titi kana kwamba alikuwa peke yake. Tatu binti Mzee alikuwa naye Dar es Salaam tangu mwanzo. Moshi alikuwapo Halima Selengia. Kila mji mkubwa ulikuwa na wanawake wa namna hiyo, na wengi wao wamezikwa bila mtu kuwauliza lolote. Ukimpandisha mmoja juu ya mnara ukawaacha wengine, unairudisha dhana ile ile kwa mlango wa nyuma: kwamba alikuwa kipaji cha ajabu kilichoanguka kutoka mbinguni.

"Hakusoma"

Alisoma. Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka aende shule ya serikali. Baba alipofariki akapelekwa, akasoma hadi darasa la nne, kisha akaolewa akiwa bado binti mdogo. Kwa msichana Mwislamu wa mjini wakati ule, hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kuitaja. Futa hilo "hakusoma" uweke darasa lake.

"Siti binti Saad alijaliwa sauti"

Mwimbaji huyu wa taarabu wa Zanzibar sauti alijaliwa, hakuna ubishi. Lakini msichana wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa karibu mwaka 1880 katika ukoo uliotoka utumwani, akiuza vyungu alivyofinyanga mama yake, hakufika studio ya kurekodia Bombay mwaka 1928 kwa sauti pekee. Aliingia mjini mwaka 1911, akapata mwalimu, Muhsin Ali, akajifunza matamshi ya Kiarabu na kisomo. Akafanya kazi miaka na miaka pamoja na wanaume waliokuwa mafundi kamili: Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam, Maalim Shaaban. Walitunga juu ya mambo yaliyokuwa yanaumiza watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, hata kesi za mahakamani, kama ile ya mwanamke aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Anayeandika Siti kama sauti tu amemwondolea akili, mazoezi na ujasiri.

"Mekatilili alimzaba Mzungu kofi"

Miswada kutoka pwani ya Kenya kuhusu Mekatilili, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, haikosi kisa cha kuku na vifaranga (alimwambia Mzungu ajaribu kuchukua kifaranga aone mama yake atakavyomdonoa) na kofi alilopigwa Arthur Champion, ofisa wa serikali kwa Wagiriama, mwaka 1913. Kisa kinapendeza na watoto wanakipenda. Shida ni kwamba kikishasimuliwa mwandishi anaona kazi imekwisha, na anachoacha ndicho kilichowatisha Waingereza. Mekatilili wa Menza alikwenda kijiji hadi kijiji akikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga. Akiwa na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawakutanisha watu Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wakala viapo: wanawake mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Aliyekula kiapo hakulipa kodi ya nyumba wala hakutoa vijana wa kwenda kufanya kazi mashambani. Kazi ya Champion ikakwama kabisa. Serikali ikamkamata Oktoba 1913 ikampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, naye Januari 1914 akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hakuna serikali inayolipua msitu kwa sababu ya kofi. Walilipua mahali pa kiapo.

Naona watu hawaoni kuwa kifudu cha Mekatilili na Bomba ya Titi ni kazi ya aina moja, ingawa imepita miaka arobaini kati yake. Ngoma ya wanawake ndiyo iliyokuwa na watu wake tayari.

"Rosa Parks alikuwa mshonaji aliyechoka na kazi"

Sijui ni nani aliyewafundisha wanafunzi wetu kufungua kila utangulizi na mama huyu, lakini kama lazima awemo, aandikwe sawasawa. Tarehe 1 Desemba 1955 alipokataa kusimama kumpisha abiria Mweupe kwenye basi mjini Montgomery, Alabama, Rosa Parks alikuwa na miaka 42, na alishakuwa katibu wa tawi la mjini humo la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, tangu 1943. Mwaka 1944 alitumwa kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke Mweusi aliyebakwa na genge la wanaume Weupe. Kiangazi cha 1955 alikuwa Tennessee, kwenye shule ya wanaharakati ya Highlander, kwa mafunzo ya kupinga ubaguzi. Miezi tisa kabla yake, Claudette Colvin wa miaka 15 alikataa vilevile kusimama, akakamatwa. Na mgomo wa mabasi uliodumu siku 381 uliwezekana kwa sababu Jo Ann Robinson na wenzake wa baraza la kisiasa la wanawake walikuwa wameshafikiria mgomo mapema. Usiku ule ule wakachapa maelfu ya vipeperushi na kuvisambaza. Uchovu hauna nafasi hapo.

"Kesi ya uhaini tuiruke, itamchafulia jina"

Hii huniijia kwa sauti ya chini, mara nyingi kutoka kwa watu wanaompenda Bibi Titi kwa dhati. Naielewa nia yao, na nawakatalia.

Rekodi yenyewe iko hivi. Mwaka 1962 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa, na akawa naibu waziri. Mwaka 1965 alishindwa ubunge wa Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kuwakataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu nafasi yake ya juu katika chama, kwa kuwa alikuwa na nyumba za kupangisha na hakukubaliana na sharti hilo. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, aliyekuwa waziri, na maofisa wa jeshi, wakishtakiwa kupanga kuipindua serikali. Aliyetajwa kuwa kinara, Oscar Kambona, waziri wa zamani, alikuwa Uingereza. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges. Titi alikana mashtaka. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Nyerere akamwachia kwa msamaha.

Ukiyaruka haya, msomaji anamwona mama kwenye majukwaa ya uhuru, kisha anakutana na jina lake kwenye barabara kubwa ya Dar es Salaam, na katikati hakuna kitu. Hataelewa kwa nini kizazi kizima kilikua bila kulisikia jina hilo darasani, wala kwa nini kurudi kwake magazetini mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, kulikuwa jambo la kuandikwa. Hataelewa alipoteza nini: cheo, nyumba, marafiki walioacha kupita mtaani kwake. Na mbaya zaidi, atayasikia mahali pengine kwa mtu asiyempenda, nawe utakuwa umempa nafasi ya kusema ulificha.

Andika mashtaka kama yalivyosomwa, andika alivyojibu, andika hukumu, andika msamaha. Usimtetee mahali ambapo huna ushahidi na usimhukumu mara ya pili. Kisha endelea naye baada ya 1972, maana aliishi miaka mingine 28, hadi alipofariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na wanawake wa Dar es Salaam waliomtembelea miaka hiyo wangali wapo wa kuulizwa. Muswada unaotoka 1962 ukarukia kwenye kibao cha barabara naurudisha kwa mwenyewe bila kuuhariri.