Mama uliyekeketwa na unaishi Uingereza, mwambie mkunga mapema

Akina mama wengi wa Kisomali, Kisudani na Kieritrea huku Uingereza wanafika kliniki ya wajawazito wakiwa wamekeketwa ile aina ya tatu, yani wameshonwa ikabaki tundu dogo tu, na hawasemi kitu mpaka uchungu umeanza. Sisi wakunga tunajua kwanini. Kuna mama kapanda kitandani kupimwa mlango wa kizazi, nesi kufunua shuka kashtuka, kaenda kumuita mwenzie, mwenzie nae kamuita daktari, na mama wa watu kalala pale miguu wazi wanamtazama bila hata kumsalimia. Akitoka hapo harudi tena, na ana haki.

Halafu kuna kuuliza vibaya. Ukiulizwa una shida ya kukojoa utasema sina, maana tangu utotoni mkojo unatoka matone matone na ushazoea. Wahudumu wenzangu, tuulize anakaa chooni muda gani, hedhi inatoka vizuri au inaganda, tena mlango ufungwe.

Kufunguliwa pale uliposhonwa ni opereshini ndogo, mara nyingi kwa ganzi ya hapo hapo, inafanyika kabla ya mimba, katikati ya mimba au hata kwenye uchungu wenyewe ila mapema ni bora. Kukeketwa peke yake sio sababu ya kupasuliwa tumbo. Baadae mkojo utatoka kwa kasi na mlio, usishtuke, hujaharibika. Na ukishajifungua hatukushoni tena kukurudisha ulivokuwa, sheria hairuhusu. Dada zangu wa Mara na Kisii mara nyingi hamkushonwa, lakini kovu lipo, nanyi semeni.

Wengine mnaogopa polisi. Tangu Oktoba 2015, England na Wales, muhudumu wa afya lazima aripoti akigundua binti wa chini ya miaka 18 amekeketwa. Mama mtu mzima hiyo haikuhusu, wewe ulifanyiwa, hukutenda kosa. Utaulizwa lakini kuhusu mabinti zako, na hilo silifichi.

Mkalimani ni bure na ni haki yako, omba mwanamke, asiwe mume wala mawifi wala mtoto wako. Na kama unaogopa mkalimani ni jirani atakayeenda kuyasema harusini, omba wa simu, wa mji mwingine, usitaje hata jina lako.