Ufaransa chini ya Wajerumani, 1940–1944: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Wafaransa, waliposhindwa vitani mwaka 1940, walinyang'anywa serikali yao, na kwamba kila uovu uliofuata ulikuwa wa Mjerumani peke yake. Ukweli ni kwamba mkataba wa kusitisha mapigano, uliotiwa saini tarehe 22 Juni katika msitu wa Compiègne, uliigawa nchi: kaskazini na pwani ya Atlantiki zikakaliwa na jeshi la Ujerumani, na kusini ikabaki serikali ya Kifaransa yenye makao katika mji wa Vichy. Tarehe 10 Julai wabunge na maseneta 569 walimkabidhi Marshali Philippe Pétain madaraka yote, huku 80 tu wakikataa. Serikali hiyo ilikuwa na mawaziri, mahakama na, jambo lililokuja kuwa zito kuliko yote, polisi wake, ambao walifanya kazi hata katika eneo lililokaliwa.

Wapo wanaomtetea Pétain kwa kusema kwamba alikuwa ngao ya wananchi wake. Hoja hiyo haisimami. Sheria ya tarehe 3 Oktoba 1940, iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, ualimu na uandishi wa habari, ilitungwa Vichy bila agizo la Wajerumani. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 ni polisi wa Kifaransa waliopita nyumba hadi nyumba jijini Paris, wakawakamata Wayahudi wapatao 13,000, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto. Pierre Laval, aliyekuwa kiongozi wa serikali, ndiye aliyependekeza kwamba watoto walio chini ya miaka 16 nao wapelekwe kambini pamoja na wazazi wao. Wayahudi wapatao 76,000 walisafirishwa kutoka Ufaransa hadi kambi za mauaji za Wajerumani, na waliorudi ni wachache mno. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo walinusurika, lakini kwa maoni yangu shukrani ziwaendee kwanza raia waliowaficha, kama wenyeji wa kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon. Hata kwa Wafaransa wengine ngao hiyo ilikuwa na matundu: Ufaransa ililipa faranga milioni 400 kwa siku kugharimia jeshi lililoikalia, Wajerumani waliingia kusini Novemba 1942, na Februari 1943 Vichy yenyewe ilitunga sheria ya kuwalazimisha vijana kwenda kufanya kazi Ujerumani.

Sheria hiyo ndiyo iliyowasukuma vijana wengi kukimbilia misituni na milimani, na hapa ndipo inapoanguka dhana nyingine, kwamba taifa zima lilipigana chini kwa chini tangu siku ya kwanza. Mwanzoni wapiganaji walikuwa wachache na waliotawanyika. Jean Moulin, mjumbe wa Jenerali Charles de Gaulle aliyeendeleza vita kutoka London, alifanikiwa kuyaunganisha makundi yao katika baraza moja Mei 1943 tu. Tena si wote waliokuwa Wafaransa: Missak Manouchian, kiongozi wa kundi la wapiganaji aliyepigwa risasi na Wajerumani Februari 1944 katika ngome ya Mont-Valérien karibu na Paris, alikuwa Mwarmenia. Hata hivyo, kusema kwamba Wafaransa wote walikuwa wasaliti ni kosa lile lile lililogeuzwa. Wengi wao walikuwa katika foleni ya mkate.

Wengine hudhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya Ulaya. Makoloni pia yaligawanyika: Chad, chini ya Gavana Félix Éboué, ilijiunga na Jenerali de Gaulle Agosti 1940, na Brazzaville ikawa makao makuu ya Ufaransa Huru, yaani upande wa de Gaulle, wakati Madagaska ilibaki upande wa Vichy. Mwaka 1942 Waingereza waliivamia Madagaska, na miongoni mwa askari waliopelekwa kupigana na Wafaransa wa Vichy walikuwamo vijana wa Kenya na Tanganyika wa jeshi la Keya (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza. Nako Senegal, tarehe 1 Desemba 1944, askari Waafrika waliokuwa wamerudi kutoka kifungo cha Wajerumani walidai malipo yao katika kambi ya Thiaroye, wakamiminiwa risasi na jeshi la Ufaransa lenyewe.

Mwisho, husemwa kwamba baada ya ukombozi wasaliti walifagiliwa mbali. Watu wapatao 9,000 waliuawa bila kufikishwa katika mahakama za kawaida, na wanawake wapatao 20,000 walioshutumiwa kushirikiana na Wajerumani walinyolewa nywele, mara nyingi hadharani. Laval alipigwa risasi Oktoba 1945, na hukumu ya kifo ya Pétain ikageuzwa kifungo cha maisha. Lakini maofisa wengi wa serikali walibaki kazini, na sheria za msamaha za 1951 na 1953 zikawafungulia milango wengi wa waliohukumiwa. Maurice Papon, aliyetia saini amri za kukamatwa kwa Wayahudi huko Bordeaux, alipanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Paris, kisha waziri. Alihukumiwa mwaka 1998, miaka mitatu baada ya Rais Jacques Chirac kukiri hadharani kwamba taifa la Ufaransa lilihusika.