Je, wajua kwa nini wana wawili wa vigogo wa Hitler hawaelewani kuhusu baba zao?

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wamesema wahenga. Basi waangalie Niklas Frank na Horst von Wächter. Wote ni wana wa vigogo wa Hitler, wote walizaliwa mwaka 1939, na ukiwaketisha pamoja, mmoja anamlaani baba yake, mwenzake anamtetea wake.

Filamu moja ya matukio halisi ya mwaka 2015 iliwaonyesha wazee hawa wakisafiri magharibi mwa Ukraine na mwanasheria wa London, Philippe Sands. Hans Frank, baba yake Niklas, alikuwa gavana mkuu wa Poland iliyotekwa. Otto Wächter, baba yake Horst, alitawala chini yake jimbo la Galicia, eneo hilohilo la magharibi mwa Ukraine ya leo. Karibu na mji wa Zhovkva walifika walikozikwa Wayahudi wapatao 3,500 waliopigwa risasi Machi 1943, wakiwamo jamaa wa babu yake Sands. Horst akabanwa hapo akiri jambo moja tu, kwamba baba yake alikuwa na hatia. Hakukiri. Kwake, mfumo ndio uliokuwa mbaya. Baba alikuwa mtu mwema aliyenaswa humo.

Sehemu ya jibu iko mahakamani. Frank alishtakiwa Nuremberg, mji wa Ujerumani walikohukumiwa vigogo wa Hitler baada ya vita, shajara zake mwenyewe zikamsuta, akanyongwa Oktoba 1946. Wächter alijificha milimani miaka mitatu na ushei, akafia Roma mwaka 1949 kwa jina la bandia. Sahihi yake ipo kwenye agizo la Machi 1941 la kuwafungia Wayahudi wa mji wa Kraków, Poland, kwenye geto, yaani mtaa wa kuwatenga, ila hakuna jaji aliyewahi kumwonyesha. Hapo mwana akapata pa kujishikiza.

Lakini jibu kubwa, nionavyo mimi, liko nyumbani. Horst alimjua baba kwa masimulizi ya mama yake, Charlotte, aliyempenda mumewe hata baada ya kumzika. Kumhukumu baba ni kumwambia mama kwamba alidanganya. Horst alisema ni wajibu wa mwana kutafuta mema ya babaye, na nani kati yetu hajayasikia maneno hayo matangani?

Kwa akina Frank hapakuwa na penzi la kulinda. Hans alimshuku mkewe, hata akambandika Niklas, kitinda mimba wao, jina la "mgeni", kana kwamba si damu yake. Septemba 1946 mtoto huyo wa miaka saba alipelekwa gerezani, akapakatwa na mama. Alikwisha kujua kwamba baba atanyongwa. Baba akamwambia kwa uchangamfu kwamba Krismasi wataila pamoja nyumbani. Mtoto akajiuliza: mbona ananidanganya?

Hadi uzeeni Niklas ametembea na picha ya maiti ya baba yake. Huitoa akaitazama, kuhakikisha kwamba amekufa kweli.