Maji ya Mvua Yapunguzwe Paani Kabla ya Kufika Mtaroni

Mvua kubwa ikinyesha mtaa wa Milimani hapa Nakuru, muda si mrefu maji yameshuka hadi mtaa wa Kivumbini. Nakuru imekaa mteremkoni: juu mlima Menengai, chini ziwa, katikati mabati, lami na simiti. Udongo wetu wa volkano hunywa maji upesi, lakini kila mwaka tunaufunika zaidi. Kwa hiyo maji yanateremka kwa pamoja, yakizoa oili ya gereji na chupa za plastiki mpaka Ziwa Nakuru, ziwa ambalo halina mto wa kuyatoa nje. Uchafu ukishaingia humo, hauna njia ya kutoka.

Mafuriko yakija tunalaumu mitaro. Mimi kama mhandisi wa maji huanza kwa kutazama mapaa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita 10 kwa 10, mvua ikiwa milimita 30, linapokea lita 3,000, na karibu zote zinamwagika barabarani saa hiyo hiyo. Zidisha kwa mapaa ya mtaa mzima.

Paa la mimea hupunguza kasi hiyo. Juu ya slabu, yaani paa bapa la zege, hutandazwa utando usiopitisha maji wala mizizi, kisha tabaka la kupitishia maji, kitambaa cha kuchuja, udongo mwepesi, halafu mimea. Udongo wa sentimita 10, ukiwa mkavu, unaweza kushika takriban milimita 20 hadi 30 za mvua, ambazo baadaye hurudi hewani kupitia majani na jua. Kinachozidi hudondoka polepole, na mtaro hupata nafasi ya kupumua. Lakini mvua ya Aprili ikinyesha siku tatu mfululizo, udongo hushiba na kazi yake hupungua sana. Mitaro bado tunaihitaji, tena iliyozibuliwa.

Sisi wa Bonde la Ufa tuna bahati moja: yale mawe ya volkano yenye vitundu, mepesi hata huelea majini. Yakisagwa na kuchanganywa na mboji kidogo, hufaa sana kwa kazi hii. Nasisitiza neno “kidogo”, kwa sababu samadi au mbolea nyingi huoshwa na mvua na kuishia ziwani.

Uzito ndio unaonitia hofu. Sentimita 10 za udongo uliolowa zinaweza kufika kilo 100 hadi 150 kwa kila mita mraba. Mabati na mbao za kawaida havibebi mzigo huo, usijaribu. Hata slabu iliyoachiwa vyuma kusubiri ghorofa nyingine ikaguliwe kwanza na mhandisi wa majengo. Mwenye mabati afunge mfereji wa kukinga maji ya paa na tangi, na atumie maji yake mapema ili mvua inayofuata ikute nafasi.

Wengi huniuliza kama wanaweza kupanda sukuma wiki huko juu. Inataka udongo wa kina zaidi, maana yake uzito zaidi, na kumwagiliwa kila mara. Januari na Februari jua ni kali. Mishubiri na mimea mingine yenye majani manene huvumilia. Kabla ya masika kuanza Machi, panda juu uondoe majani yaliyoziba mdomo wa bomba la kutolea maji, kwa sababu likiziba, maji yatatuama na uzito wake wote utaielemea slabu.