Tutakuwa kabila la ngapi?

Mwaka jana nilikwenda kufanya kikao cha msaada wa kisheria upande wa Kwale, Pwani ya Kenya, chini ya mwembe, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwa nimemaliza kueleza habari za vyeti vya kuzaliwa na namna ya kuomba uraia, nikauliza kama kuna mwenye swali. Mama mmoja, mjukuu wa Mrundi aliyekuja kukata mkonge enzi za mkoloni, akainua mkono. "Wakili, Wamakonde walikuwa wa arobaini na tatu. Wahindi wakawa wa arobaini na nne. Sisi tutakuwa kabila la ngapi?"

Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Hapakuwa na aliyeliona swali lile kuwa la ajabu. Mimi ndiye niliyekwama, maana nilikuja kuwaeleza uraia, na yeye aliniuliza nafasi kwenye foleni ya makabila.

Wakenya tunapenda kusema kwamba wingi wa tamaduni zetu ndio utaifa wetu. Utangulizi wa Katiba ya 2010 unatamka kwamba tunajivunia tofauti zetu za kikabila, kitamaduni na kidini, na tumeazimia kuishi kwa amani tukiwa taifa moja lisilogawanyika. Nayapenda maneno hayo na nimeyasoma mahakamani kwa sauti. Je, kweli utofauti unaweza kubeba utambulisho wa taifa zima? Nasadiki kwamba unaweza. Ila sisi tumeugeuza kuwa orodha, na mtu hawi Mkenya kamili mpaka jina la kabila lake lionekane kwenye orodha hiyo.

Chukua Wamakonde. Waliondoka Msumbiji, wengi wakapitia Tanganyika, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani na Taita na kwenye miwa ya Ramisi. Kenya ikapata uhuru 1963 nao wapo. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, vinyago vyao vikauzwa kwa watalii kama kumbukumbu za Kenya, na hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huwezi kufungua akaunti benki, huandikiwi hati ya shamba. Akina mama walikuwa wakiogopa hata kwenda kujifungulia hospitali.

Kuna mzee mmoja nilimsaidia wakati huo, mwenye chale za Kimakonde usoni, zile ambazo askari alikuwa akiziona tu anajua wa kumsimamisha. Alikuja na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mara mbili. Ndani mlikuwa na kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge, karatasi imelainika kama kitambaa kilichofuliwa sana, na risiti za kodi. Alizipanga mezani moja moja, akizilaza kwa kiganja. Ilipofika zamu ya alama za vidole, karani alikibonyeza kidole chake kwenye wino, akakiweka kwenye fomu: likatoka doa jeusi, mistari hamna. Akarudia kidole cha pili, cha tatu. Mkonge na patasi vilikuwa vimeila ngozi ikabaki laini kama kauri. Mzee akanitazama, akaninong'oneza, "Mwanangu, wanadhani nimeikwangua?"

Oktoba 2016 Wamakonde wapatao mia tatu walitoka Kwale wakafunga safari ya kudai haki yao Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mapema 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Nilishangilia siku hiyo na sijutii. Lakini hapo ndipo mambo mawili yaliposhonwa pamoja yakaonekana kuwa moja: kuwa raia, na kuwa kabila.

Sasa fungua Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 15, kinachohusu watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi Kenya tangu 12 Desemba 1963. Mwombaji anatakiwa ajue Kiswahili vya kutosha au lugha ya kienyeji. Asiwe amewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Akusudie kuendelea kuishi Kenya au kuwa na uhusiano wa karibu na wa kudumu nayo. Aelewe haki na wajibu wa raia. Basi. Kabila halimo.

Mimi nakiona kifungu hiki kuwa maelezo bora kabisa ya nani ni Mkenya kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Kinauliza lugha, mwenendo, nia ya kukaa na ufahamu wa wajibu. Atakayetimiza hayo aje na ngoma yake, mapishi yake, dini yake na chale zake usoni; vyote vinaingia naye. Hivyo ndivyo utofauti unavyoweza kuwa utaifa: watu wanakubaliana namna ya kuishi pamoja, na makubaliano yenyewe hayamdai mtu afanane na mwenzake. Bahati mbaya kifungu hicho kiliwekewa muda wa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha 2019 huku maelfu wakiwa hawajaguswa. Waliofanikiwa, kwa sehemu kubwa, walifanikiwa kwa tamko la rais, na tamko likaja na namba ya kabila.

Tena orodha yenyewe haikushuka mbinguni. Ile "makabila 42" tunayoiimba shuleni huhusishwa na sensa ya 1969. Waulize Wamijikenda: je, ni kabila moja, au ni tisa kama jina lenyewe linavyosema, Wadigo na Waduruma na Wagiriama na wenzao? Jina hilo lilianza kutumika sana miaka ya 1940, na jina Kalenjin vilevile lilipata nguvu miaka hiyohiyo, watu wa lugha zinazokaribiana walipoona faida ya kusema kwa sauti moja. Sisemi kwamba makabila ni uongo. Mimi mwenyewe nalia na kucheka kwa lugha ya mama yangu. Nasema kabila ni kitu kinachotengenezwa na watu kadiri wanavyoishi, na si haki kulifanya ufunguo wa mlango wa serikali.

Wapemba wananiuma zaidi. Wavuvi hawa wamekaa Kwale, Kilifi na Lamu vizazi kwa vizazi, na walitambuliwa 2023 tu. Kiswahili ni lugha yao ya mama. Katiba, ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Kwa hiyo kulikuwa na Wakenya wanaotikiswa na Kiswahili kwenye mtihani wa darasani, na kando yao, kwenye mtumbwi, watu waliozaliwa nacho mdomoni wakihesabiwa wageni kwa kuwa jina lao halikuwa kwenye orodha.

Wakenya wenye asili ya Asia walipotangazwa kabila la 44 Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, baadhi ya rafiki zangu walifurahi na wengine walinyamaza. Mmoja aliniuliza Mgujarati, Mpunjabi na Mgoa wamekuwaje kabila moja kwa siku moja. Mimi nilimkumbuka Makhan Singh, mwana wa vyama vya wafanyakazi, aliyesimama hadharani Nairobi mwaka 1950 kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, akalipa kwa kuzuiliwa miaka kumi na moja. Alikuwa Mkenya kwa alichokitenda, wakati kabila lake halina namba.

Ukiitafuta asili ya mazoea haya, utaikuta kwenye kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuvaa kipande shingoni ndani ya kibati, kimeandikwa alama za vidole vyake, mwajiri wake na kabila lake. Shabaha ilikuwa kumdhibiti kibarua asitoroke kazini. Kibati kilitupwa, ila jina tunalo mpaka leo. Watu bado wanakiita kitambulisho kipande. Na swali tunalo. Sheria ya Usajili wa Watu, kifungu cha 5, bado inamtaka msajili aandike kabila au asili ambayo mtu ametaja. Kwa Wanubi, ambao babu zao walipigana katika jeshi la Mwingereza wakaachwa Kibra, na kwa Wasomali, swali hilo lilizaa kamati za kuwapiga msasa: mtoto wa miaka 18 alikuwa akiulizwa kitambulisho cha babu, wakati jirani yake alijaza fomu na kwenda zake. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa jambo hilo. Uamuzi ule nimeubeba kwenye mkoba hata kurasa zimechakaa.

Wenzetu wamefanyaje? Canada ilitangaza sera ya tamaduni nyingi mwaka 1971, ikisema nchi ina lugha mbili rasmi lakini haina utamaduni mmoja rasmi, na Mkataba wao wa Haki wa 1982 ukautaja urithi wa tamaduni nyingi katika kifungu cha 27. Wazo ni zuri, ingawa Quebec, jimbo la wanaozungumza Kifaransa, haikulimeza vizuri, wala wenyeji wa asili, ambao hawakutaka kuwa utamaduni mmoja tu kati ya tamaduni za wahamiaji.

Tanzania ilishika njia nyingine. Ina makabila zaidi ya 120, iliwaondolea machifu mamlaka 1963, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotokana na wakimbizi wa Burundi wa 1972, na sikusikia Mtanzania akiuliza watahesabiwa kabila la ngapi. Nikiwa Tanga au Dar es Salaam hupenda kusikiliza utani wa makabila, Msukuma na Mzaramo wakirushiana maneno hata msibani bila mtu kununa. Huko Tanzania, kuwa tofauti kumewekewa adabu yake, na adabu hiyo ni mali ya wote. Gharama ilikuwepo pia: lugha nyingi za makabila zilikosa nafasi redioni na shuleni, na wapo vijana wasioweza kuzungumza na bibi zao. Sitaki Kenya ilipe bei hiyo.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, wengi kwa sababu ya kabila. Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Usipohesabu, utajuaje nani anakula peke yake? Ibara ya 56 ya Katiba nayo inawalinda walio wachache na waliosahaulika, na ili uwalinde ni lazima uwajue. Nakubali yote hayo. Hesabu ifanywe kwenye mgawo wa kazi na wa rasilimali, na mtu ajitaje mwenyewe akipenda. Katika sensa ya 2009 watu zaidi ya laki sita walipoulizwa kabila walijibu "Mkenya", wakaandikwa hivyo. Ninachokipinga ni hesabu hiyo kusimama mlangoni.

Pale Bomas, kituo cha utamaduni kilichoko Lang'ata, Nairobi, nimewahi kukaa kutwa nzima nikitazama ngoma. Wachezaji walikuwa walewale: waliotoka na isukuti ya Waluhya walirudi baada ya dakika chache wamevaa shanga, wanaruka Kimaasai, kisha sengenya ya Wadigo. Nilimtazama kijana mmoja mabega yake yakibadilika kutoka ngoma hadi ngoma, akiwa hodari kote, na sikuweza kukisia kwao wapi. Hapo hapo Bomas ndipo Mkutano wa Kitaifa wa Katiba ulipokaa 2003 hadi 2004, na ndipo kura za urais zilipojumlishwa 2013, 2017 na 2022, nchi nzima ikisikiliza matokeo ya kila eneo na kuyasoma kwa kabila.

Mjukuu wa yule mzee wa mfuko wa plastiki alifika umri wa kuchukua kitambulisho majuzi. Baba Mmakonde, mama Mdigo, amezaliwa Msambweni. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya usajili, akajaza fomu kwa mwandiko mzuri wa duara mpaka alipofika kwenye nafasi ya kabila. Nafasi yenyewe ni fupi, inatosha neno moja. Akaniuliza aandike lipi. Nikamwambia sheria inataka kile anachokitaja mwenyewe. Akafikiri, akaandika "Mdigo na Mmakonde", herufi zimebanana mpaka ukingoni. Karani aliisoma, akachukua kalamu, akakata maneno mawili ya kwanza. "Tunafuata baba," akasema, wala hakusema kwa ubaya. Binti alinitazama. Nikaomba fomu nyingine, tukarudi kwenye benchi, akaanza kuandika upya.