Mgeni wa boma hafuati "watu wa kale"

Imezoeleka kusemwa kwamba mtalii anapoingia kwenye boma la Wamasai anafuata "watu wa kale", wasioguswa na dunia. Kwa hiyo simu zifichwe na sare za shule zianuliwe kambani. Sivyo.

Wengi wanaosimama kwenye maboma yaliyo kati ya Ngorongoro na Serengeti wamesafiri kwa ajili ya wanyama. Boma liko njiani, na siku nzima wamekaa garini bila kuzungumza na wenyeji. Mtazame mgeni akiinama kuingia nyumbani: ngoma ameshaipiga picha, sasa anauliza. Ukuta huu wa samadi kapaka nani? Moshi unatokea wapi? Watoto wanasoma wapi? Kwangu mimi, hapo ndipo ziara inapoanza.

Mto wa Mbu, mji mdogo kando ya Ziwa Manyara palipo na utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990, hakuna kabila moja la kuonyeshwa. Wageni huzunguka mashamba ya mpunga na migomba, huonja pombe ya ndizi, hukaa na wachonga vinyago wa Kimakonde, ambao asili yao ni kusini, mbali kabisa na Ziwa Manyara. Na hata shuka nyekundu ni kitambaa cha dukani. Zamani Wamasai walivaa ngozi.